Marehemu Jaji Badruddin Tyabji

Badruddin Tyabji alizaliwa Bombay, katika Bara Hindi, tarehe 10 Oktoba 1844. Baba yake, Mulla Tyab Ali, alikuwa mfanyabiashara wa Kibohora aliyetaka wanawe wapate elimu ya dini na ya dunia pia. Siku zile Waislamu wengi waliziogopa skuli za Kiingereza. Hata hivyo kijana huyu alipelekwa Uingereza mwaka 1860. Maradhi ya macho yalimkatiza masomo kwa muda, lakini hakukata tamaa. Mwaka 1867 alihitimu uwakili London, akarejea kuwa barista wa kwanza Mhindi katika Mahkama Kuu ya Bombay.

Hakuridhika na chumo la uwakili peke yake. Yeye na nduguye Camruddin walikuwa miongoni mwa walioasisi Anjuman-i-Islam, chama kilichofungua skuli ya watoto wa Kiislamu mwaka 1880. Mwaka 1882 aliingia Baraza la Kutunga Sheria la Bombay, na mwaka 1887, huko Madras, akawa Mwislamu wa kwanza kuongoza mkutano wa Indian National Congress.

Hapo ndipo ulipomfika mtihani. Sir Syed Ahmad Khan, muasisi wa chuo cha Aligarh, aliwaonya Waislamu wasijiunge na Congress, akihofu watamezwa na wingi wa Wahindu. Tyabji hakumvunjia heshima wala hakuidharau hofu ile. Alishikilia kwamba haki za raia wote zidaiwe kwa pamoja, ila jambo linalokataliwa na Waislamu kwa jumla lisijadiliwe. Mwaka 1888 Congress iliikubali kanuni hiyo.

Mwaka 1895 aliteuliwa jaji wa Mahkama Kuu, Mwislamu wa kwanza kukalia kiti hicho huko Bombay. Miaka miwili baadaye mwanasiasa Bal Gangadhar Tilak alishitakiwa kwa uchochezi, na ombi lake la dhamana likakataliwa. Lilipofika mbele ya Tyabji, alilikubali, ingawa serikali ilikuwa na ghadhabu. Mwaka 1902 alikaimu ujaji mkuu, naye ndiye Mhindi wa kwanza kufanya hivyo huko Bombay.

Aliwatetea pia wasichana wapate elimu, na binti zake mwenyewe aliwapeleka skuli.

Alifariki London tarehe 19 Agosti 1906. Aliishi na watu wa dini nyingine kwa insafu, na dini yake hakuipunguza. Mwenyezi Mungu amrehemu.