Ronald Ngala: Aliyelipigania Baraza la Juu, Kisha Akaliona Likifutwa

Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu hapa Arusha, sasa ina nchi wanachama nane. Sita kati ya hizo zina bunge lenye mabaraza mawili: Kenya, Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini na Somalia. Tanzania na Uganda ndizo pekee zenye baraza moja.

Kwa jirani zetu Kenya, mara kwa mara huibuka mjadala wa kama Seneti bado inahitajika au inakula fedha za bure. Mjadala huo si mgeni. Kenya iliwahi kuwa na Seneti, ikaifuta, kisha ikairudisha. Ili tuuelewe vizuri, leo tunaangalia maisha ya Ronald Gideon Ngala, mwanasiasa wa Pwani aliyefariki mwaka 1972.

Baraza la juu ni nini?

Katika baraza la chini, viti hugawanywa zaidi kwa kufuata idadi ya watu. Penye watu wengi pana wabunge wengi. Katika baraza la juu, nchi nyingi hulipa kila eneo viti sawa, liwe kubwa au dogo. Mfano tunao hapa hapa Arusha. Bunge la Afrika Mashariki lina baraza moja tu, lakini kila nchi huchagua wabunge tisa. Burundi, nchi ndogo, ina tisa sawa na Tanzania. Lengo ni mdogo asimezwe na mkubwa.

Mwalimu kutoka Pwani

Ngala alizaliwa mwaka 1923 katika jamii ya Wagiriama, mojawapo ya jamii za Mijikenda. Alisoma Alliance, kisha akaenda Makerere kusomea ualimu. Alirudi Pwani akafundisha, akawa mkuu wa shule, na baadaye akaingia katika baraza la mji wa Mombasa.

Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane tu kwa nchi nzima. Ngala alipata kiti cha Pwani, akaingia pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga, Daniel arap Moi na wenzao wanne. Mwaka 1960, wajumbe hao walipokwenda Lancaster House, London, kujadili katiba, Ngala ndiye aliyekuwa kiongozi wao.

Hofu ya kumezwa

Mwaka huo huo vyama viwili vilizaliwa. KANU ilikuwa na nguvu hasa kwa Wakikuyu na Wajaluo, jamii zenye watu wengi. Jamii nyingine, wakiwemo Wamijikenda, Wakalenjin na Wamasai wa upande wa pili wa Namanga, ziliogopa kwamba Waingereza wakiondoka, ardhi na madaraka vitakwenda kwa wenye kura nyingi. Walianzisha KADU, na Ngala akawa rais wake.

Katika uchaguzi wa 1961 KANU ilipata viti vingi zaidi, lakini ikakataa kuunda serikali wakati Jomo Kenyatta akiwa kizuizini. KADU ikakubali, na Ngala akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali.

Kwenye mazungumzo ya London ya 1962, KADU ilisimama kidete kudai majimbo. Hapa tuweke sawa neno hilo. Kwetu jimbo ni eneo la mbunge. Kwa Wakenya wa wakati ule, jimbo lilikuwa eneo kubwa kama mkoa, lenye baraza lake na mamlaka yake. Pamoja na majimbo, KADU ilidai baraza la pili bungeni, yaani Seneti.

Geti lenye kufuli

Ngala na wenzake walipata sehemu kubwa ya walichotaka. Katiba ya 1963 iliunda majimbo saba, pamoja na eneo la Nairobi, na Seneti ya viti 41: kiti kimoja kwa kila wilaya na kimoja kwa Nairobi. Lamu ilikuwa na seneta mmoja, sawa na wilaya yenye watu mara nyingi zaidi.

Nguvu kubwa ya Seneti ilikuwa kwenye kulinda katiba. Vifungu muhimu zaidi, vikiwemo vya majimbo, havikuweza kubadilishwa bila kura tisa katika kila kumi za maseneta. Tupige hesabu: kati ya maseneta 41, zilihitajika kura 37. Watano tu wakikataa, jambo limekwama. KADU ilikuwa na maseneta zaidi ya hao.

Uchaguzi wa Mei 1963 KANU ilishinda, Kenyatta akaongoza serikali na Ngala akawa kiongozi wa upinzani.

Geti linafunguliwa kutoka ndani

Serikali haikuyataka majimbo. Mabaraza yake yalidhoofishwa, huku fedha na watumishi vikibaki mikononi mwa Nairobi. Wabunge wa KADU walianza kuhamia KANU mmoja mmoja. Serikali nayo ikasema kwamba ikikosa kura bungeni, itakwenda kwa wananchi kwa kura ya maoni.

Tarehe 10 Novemba 1964, KADU ilivunjwa na Ngala akajiunga na KANU pamoja na wafuasi wake. Kufuli lilikuwepo bado kwenye katiba, lakini aliyekuwa analishika hakuwepo tena. Tarehe 12 Desemba Kenya ikawa jamhuri, na mamlaka ya majimbo yakaondolewa hatua kwa hatua.

Mwaka 1966 Ngala akawa waziri. Mwishoni mwa mwaka huo bunge likapitisha sheria ya kuunganisha mabaraza mawili. Maseneta hawakupoteza kazi. Yaliundwa maeneo mapya 41 ya ubunge, wakaingia baraza moja na wenzao, na uhai wa bunge ukaongezwa hadi 1970. Kwa hiyo waliopiga kura ya kuifuta Seneti walibaki na viti vyao, tena kwa muda mrefu zaidi.

Wapo wanaomlaumu Ngala kwa kuwaacha watu wake. Wapo wanaosema hakuwa na njia, kwa kuwa chama kilikuwa kinamwishia mikononi, na Pwani ingekosa hata waziri. Hoja zote mbili zina uzito. Desemba 1972, akiwa bado waziri, gari lake lilipata ajali katika barabara ya Mombasa. Alifariki siku ya Krismasi. Barabara moja ya katikati ya Nairobi ina jina lake.

Tunajifunza nini?

Katiba ya Kenya ya 2010 iliirudisha Seneti, nayo ikaanza kazi 2013 ikiwa na maseneta 47 wa kuchaguliwa, mmoja kwa kila kaunti, pamoja na wa kuteuliwa. Mwaka 2020 kanuni mpya ya kugawa fedha za kaunti ilitishia kupunguzia maeneo makavu na ya Pwani. Maseneta walivutana hadi vikao kumi, na mwishowe ikapatikana kanuni ambayo haikumpunguzia yeyote. Hiyo ndiyo kazi ambayo Ngala aliitaka ifanyike.

Tanzania haina baraza la juu, lakini ina ulinzi wa namna hiyo ndani ya baraza moja. Ibara ya 98 ya Katiba inataka mambo fulani ya Muungano yasibadilishwe bila theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake.

Kwa maoni yetu, swali la kama baraza la juu linahitajika halijibiwi kwa kuhesabu gharama peke yake. Tuulize kwanza: nani katika nchi hii ni mdogo, na sheria inamlinda vipi? Kisha tuulize kuhusu wale tuliowapa funguo. Seneti ya 1963 ilikuwa na ulinzi mkali kuliko Seneti nyingi duniani, na haikufikisha miaka minne. Haikuvunjwa na jeshi wala na mahakama, bali kwa kura za maseneta wenyewe.