Waldo Semon, mkemia aliyelainisha vinaili ya magari yetu

Bomba gumu la PVC linaloleta maji shambani na ngozi ya bandia inayofunika kiti cha pikipiki, milango ya gari na dashibodi nyingi vinatokana na plastiki ileile. Kinachovitofautisha ni kimiminika kinachofanana na mafuta, ambacho wataalamu hukiita kilainishi. Bombani hakiwekwi, kwenye vinaili ya kiti huwekwa kwa wingi. Mtu aliyegundua namna ya kuchanganya viwili hivyo ni Mmarekani Waldo Semon, na anayejua alichokifanya ataelewa kwa nini dashibodi hupasuka na afanye nini kuiokoa.

Semon alizaliwa tarehe 10 Septemba 1898 katika mji wa Demopolis, jimbo la Alabama. Alisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, akapata shahada ya uzamivu na kufundisha hapohapo. Mwaka 1926 aliacha ualimu akaenda Akron, Ohio, mji uliojulikana kwa viwanda vya matairi, kuajiriwa na kampuni ya B.F. Goodrich. Kazi aliyopewa ilikuwa kutafuta gundi ya kubandisha mpira kwenye chuma, ili matangi ya kuhifadhia kemikali yawekewe mpira kwa ndani na yasiliwe na kutu.

Katika majaribio yake alichukua unga mweupe ambao viwanda vingi viliuona hauna faida. Unga huo, polivinaili kloridi, yaani PVC, ulikuwa umejulikana tangu karne ya 19. Mwaka 1872 mkemia Mjerumani Eugen Baumann aliona gesi ya vinaili kloridi iliyowekwa juani ndani ya chupa ikigeuka kitu kigumu cheupe. Kilikuwa kigumu, tena kilivunjikavunjika na kuharibika kikipashwa moto, kwa hiyo watu hawakujua wakifanyie nini.

Semon aliuchemsha unga huo katika vimiminika ambavyo havigeuki mvuke kwa urahisi. Ulipopoa hakupata gundi. Alipata kitu laini kinachonyumbuka na kudunda kama mpira, lakini hakishiki chuma hata kidogo. Kwa kazi aliyotumwa, jaribio lilikuwa limeshindwa. Hata hivyo hakukitupa. Alitengeneza visigino vya viatu na mipira ya gofu, akaona kwamba kitu hicho hakipitishi maji wala hakiliwi na asidi nyingi. Vile vimiminika vilikuwa vimeingia katikati ya nyuzi ndogondogo za plastiki na kuziachanisha kidogo, zikaweza kuteleza badala ya kukakamaa.

Kupata mnunuzi haikuwa rahisi. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka na kampuni ilitaka kupunguza gharama za utafiti. Inasimuliwa kwamba Semon alipata wazo alipomwona mkewe akishona pazia la bafuni kwa kitambaa kilichopakwa mpira. Alipaka kitambaa vinaili yake, akaingia nacho ofisini kwa mkubwa wake, akakitandika juu ya makaratasi mezani na kukimwagia maji. Makaratasi hayakulowa. Hataza ya uvumbuzi huo ilitolewa tarehe 10 Oktoba 1933, na bidhaa ikaanza kuuzwa kwa jina la Koroseal.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokuja, vinaili ilitumika kufunika nyaya za umeme kwenye meli za kijeshi, maana haikushika moto upesi kama mpira. Wakati huohuo Semon aliongoza utafiti wa mpira wa kutengenezwa kiwandani. Kazi hiyo ilikuwa na thamani kubwa baada ya Japani kuteka nchi za Asia zilizokuwa zikiuza mpira wa asili. Vita vilipokwisha, vinaili iliingia kwenye viti, milango na dashibodi za magari, kwa kuwa ni nafuu kuliko ngozi na hufutika kwa kitambaa chenye maji.

Faida hizo zina upande wa pili. Mwaka 1974 ilibainika kuwa wafanyakazi wa kiwanda cha B.F. Goodrich mjini Louisville, Kentucky, walikuwa wamekufa kwa saratani adimu ya ini iliyosababishwa na gesi ya vinaili kloridi, ileile inayotumika kutengenezea PVC. Sheria za usalama viwandani zilikazwa baada ya hapo. Kiti cha gari si sawa na gesi hiyo, ila jambo moja linamhusu kila mtu: usichome siti chakavu, mabomba wala nyaya za PVC uani. Moshi wake una asidi na sumu zinazodhuru mapafu.

Tatizo linalomkabili mwenye gari linatokana na ule uvumbuzi wenyewe. Kilainishi hakikufungwa moja kwa moja kwenye plastiki, kimekaa ndani yake kama mgeni. Gari likiachwa juani vioo vimefungwa, joto hukitoa kidogokidogo. Sehemu yake ndiyo ule utando wa mafuta unaouona ndani ya kioo cha mbele. Miale ya jua nayo huvunja plastiki yenyewe na kubadili rangi yake. Mwishowe vinaili hurudi kuwa kavu na ngumu kama ilivyokuwa kabla ya Semon, kisha hupasuka. Jua lililoizaa katika chupa ya Baumann ndilo linaloimaliza.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kivuli. Egesha chini ya mti au funika kioo cha mbele kwa kadibodi au kizuia jua. Pili, ondoa vumbi kwanza kwa brashi laini au kitambaa kikavu, kwa sababu mchanga ukisuguliwa na maji hukwaruza. Kisha tumia maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya maji isiyo kali. Lowesha kitambaa na ukikamue vizuri, usimwagie maji dashibodi yenye swichi na redio. Futa tena kwa kitambaa chenye maji safi, halafu kausha.

Usitumie petroli, thina, mafuta ya taa wala dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Petroli na thina hung'arisha kwa siku moja, lakini hukivuta nje kile kilainishi na kuacha vinaili ikiwa kavu zaidi. Mafuta ya kupikia na mafuta mazito ya kujipaka nayo hayakirudishi. Hunata, hukusanya vumbi na kuleta mng'ao unaomsumbua dereva kwenye kioo.

Ukinunua dawa ya kulinda plastiki, chagua iliyotengenezwa kwa maji na iliyoandikwa kuwa inazuia miale ya jua. Ipake kidogo kwa kitambaa na ufute inayobaki. Usiipake kwenye usukani, pedeli wala kiti cha pikipiki, maana utelezi wake unaweza kusababisha ajali. Fahamu pia kwamba plastiki ngumu za magari mengi ya sasa si vinaili, ingawa nazo husafishwa kwa njia hiyohiyo. Na ufa ukishatokea, hakuna dawa ya kuuziba ukapotea kabisa.

Semon alistaafu mwaka 1963 akiwa na hataza 116 za Marekani, kisha akarudi kufundisha, safari hii katika Chuo Kikuu cha Kent State. Mwaka 1995 jina lake liliingizwa kwenye orodha ya heshima ya wavumbuzi wa Marekani. Alifariki tarehe 26 Mei 1999 mjini Hudson, Ohio, akiwa na umri wa miaka 100. Alichotuachia kinaweza kudumu miaka mingi, mradi kilainishi chake kisifukuzwe kwa jua wala kwa petroli.