Mwalimu Nyerere na Baridi

Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama, mkoani Mara, mwaka 1922. Siku hiyo mvua ilinyesha sana, akapewa jina la mzimu wa mvua. Baba yake alikuwa chifu, lakini yeye alichunga mbuzi. Mchungaji akilowa, huota moto wa kuni.

Mwaka 1934 alianza shule Mwisenge, Musoma. Mwaka 1949 alikwenda kusoma Edinburgh, Uingereza. Huko theluji huanguka. Mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa 10 alasiri. Sisi tunaolalamikia umande hatuijui baridi hiyo! Watu huvaa nguo za sufu, moja juu ya nyingine. Hewa iliyo katikati hutunza joto la mwili.

Alivumilia miaka mitatu. Mwaka 1952 alirudi na shahada. Mwaka 1954 akaongoza TANU kudai uhuru.