Maisha ya Profesa Linus Pauling, Mwanakemia

Katika jamaa nyingi za mtaa wetu yuko mtoto mwenye upungufu wa damu, ambaye mifupa humwuma usiku hata akalia, na ambaye hupelekwa hospitali mara kwa mara. Ugonjwa huo ni selimundu, ingawa wengi wetu tumezoea kuuita siko seli. Watu walikuwa wakisema kwamba mtoto wa namna hiyo amelogwa, na wengine walimlaumu mama yake. Safari hii, ndugu wasomaji, twapenda kuwasimulia habari za mtu aliyeonyesha ugonjwa huo unakaa mahali gani hasa. Hakuwa daktari wa wagonjwa, wala hakuishi Afrika. Alikuwa mwanakemia wa Marekani, jina lake Linus Pauling.

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1901 katika mji wa Portland, jimbo la Oregon. Baba yake, Herman, alikuwa muuza dawa. Mwaka 1910 baba huyo alikufa, akamwacha mjane na watoto watatu. Linus alikuwa na umri wa miaka tisa tu. Mama yao, Belle, akaanza kupangisha vyumba ili wapate chakula, na kijana naye akafanya vibarua vya kila namna. Siku moja rafiki yake wa shule alimwonyesha jinsi sukari inavyogeuka kuwa kaa jeusi ikichanganywa na kemikali. Tangu siku hiyo Linus hakutaka kazi nyingine ila kemia.

Mwaka 1917 aliondoka shule ya sekondari bila cheti, kwa sababu hakuwa amemaliza masomo ya historia yaliyotakiwa. Hata hivyo Chuo cha Kilimo cha Oregon kilimpokea. Fedha zilipokwisha, chuo hicho hicho kikampa kazi ya kufundisha, naye alikuwa bado kijana wa miaka 18. Mwaka 1922, alipokuwa akifundisha darasa la wasichana, alikutana na Ava Helen Miller, wakaoana mwaka 1923. Akapata udaktari wa elimu huko Pasadena, California, mwaka 1925. Kisha akaenda Ulaya kujifunza fizikia mpya ya atomu, na aliporudi akafundisha Pasadena kwa miaka mingi.

Jambo alilolitafuta lilikuwa hili: atomu zinashikana namna gani, na zikishikana molekuli huwa na umbo gani? Molekuli haionekani kwa macho, kwa hiyo ilimpasa kutafuta mashahidi. Shahidi wa kwanza ni eksirei. Zikipenya katika fuwele, kama vile ya chumvi, hutawanyika na kuacha madoa kwenye filamu, na mtu mwenye hesabu nzuri aweza kujua kutokana na madoa hayo kila atomu imekaa wapi. Shahidi wa pili ni mwanga. Kila molekuli humeza mwanga wa namna yake, hata ule usioonekana kwa macho, na atomu zikishikwa na jirani, mwanga unaomezwa hubadilika. Kwa njia hizo Pauling alikusanya mengi, na mwaka 1939 akayatoa katika kitabu ambacho wanakemia wa dunia nzima walikisoma.

Katika kitabu hicho alieleza kwa urefu habari ya kifungo cha haidrojeni. Yeye si wa kwanza kukitaja, kwa maana Latimer na Rodebush walikwisha kukieleza mwaka 1920. Lakini ni yeye aliyewafanya watu waone ukubwa wa kazi yake. Ndani ya molekuli moja ya maji, atomu za haidrojeni zimeshikwa kwa nguvu na oksijeni yao. Lakini kila haidrojeni huvutwa kidogo pia na oksijeni ya molekuli jirani. Mvuto huo ni dhaifu, kama sehemu moja ya ishirini tu ya nguvu ile ya kwanza. Twaweza kuufananisha na vifungo vya shati. Kifungo kimoja hufunguliwa kwa kidole, lakini vikiwa vyote vimefungwa, shati hukaa mwilini. Pasipo vifungo hivyo vidogo maji ya mito na maziwa yetu yote yangekuwa mvuke, na barafu isingeelea juu ya maji.

Pauling akaona kwamba hata miili yetu imeshonwa hivyo hivyo. Protini ni mnyororo mrefu, na vifungo vya haidrojeni ndivyo vinavyoukunja upate umbo lake. Mwaka 1948, alipokuwa mgeni Oxford, Uingereza, alishikwa na mafua akalala kitandani. Kwa kuchoka kusoma, alichora mnyororo wa protini juu ya karatasi, akaikunja karatasi huku na huku mpaka akaona mnyororo unazunguka kama ngazi ya mnara, na vifungo vya haidrojeni vinashika kila mzunguko. Yeye na wenzake walitangaza jambo hilo mwaka 1951. Max Perutz wa Cambridge aliposoma, alipiga eksirei unywele wa farasi, akaikuta alama ile ile iliyopasa kuwapo.

Sasa twarudi kwa yule mtoto wetu. Mwaka 1945 daktari mmoja, William Castle, alimweleza Pauling kwamba chembe nyekundu za damu za wagonjwa wa selimundu hujikunja kama mundu zinapokosa oksijeni, na kwamba zikipata oksijeni huweza kurudia umbo lake. Pauling akawaza mara moja kwamba kosa halimo katika chembe nzima, bali katika himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni. Akampa kazi hiyo kijana daktari Harvey Itano. Walipoipitishia himoglobini nguvu za umeme, ile ya mgonjwa ilikwenda tofauti na ya mtu mzima wa afya. Wazazi wanaobeba ugonjwa bila kuugua walikuwa na himoglobini za namna zote mbili. Habari hiyo ilitolewa mwaka 1949. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa kuonyeshwa kuwa kasoro ya molekuli moja. Mwaka 1957 Vernon Ingram alionyesha kwamba katika mnyororo wenye viungo 146, kiungo kimoja tu ndicho kilichobadilika.

Mwenzetu mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, aliongeza jambo lililotuhusu sisi. Alipima damu za watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1954 akaonyesha kwamba wanaobeba selimundu ni wengi palipo na malaria nyingi, kwa kuwa hali hiyo huwakinga kwa kiasi. Basi si laana. Ni urithi wa watu walioishi na mbu.

Pauling alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1954. Wakati huo alikuwa katika taabu na serikali yake. Yeye na Ava Helen walikuwa wakipinga majaribio ya mabomu ya atomu, kwa sababu vumbi lake huharibu urithi wa watoto ambao hawajazaliwa. Mwaka 1952 alinyimwa pasipoti. Mwaka 1958 walipeleka Umoja wa Mataifa ombi lenye sahihi za wanasayansi zaidi ya 11,000. Mwaka 1960 aliitwa mbele ya kamati ya Seneti ataje waliomsaidia kukusanya sahihi. Alikataa, ingawa aliweza kufungwa gerezani. Mkataba wa kukomesha majaribio ya angani ulianza kufanya kazi tarehe 10 Oktoba 1963, na siku hiyo hiyo ikatangazwa kwamba amepewa Tuzo ya Amani ya mwaka 1962. Hakuna mtu mwingine aliyepata tuzo mbili za Nobel bila kugawana na mwenzake. Shule yake ya zamani nayo ilimpa kile cheti mwaka 1962.

Hatupendi kumsifu kupita kiasi. Mapema mwaka 1953 alitangaza umbo la DNA lenye nyuzi tatu, akakosea. Watson na Crick walionyesha kuwa ni nyuzi mbili, zimeshikwa na vifungo vile vile vya haidrojeni alivyovifundisha yeye. Uzeeni alisifu mno vitamini C, na majaribio ya hospitali yaliyotolewa mwaka 1979 na 1985 hayakuthibitisha kuwa inaponya saratani. Baya zaidi, mwaka 1968 aliandika kwamba vijana wanaobeba selimundu watiwe alama katika paji la uso, ili wasipendane wawili wa namna hiyo. Mtu aliyeondoa lawama juu ya wagonjwa alitaka kuwatia alama wenzao. Elimu yake ilikuwa kubwa, lakini hapo alisahau kwamba anasema habari za watu.

Ava Helen alifariki mwaka 1981. Pauling alifariki tarehe 19 Agosti 1994 huko Big Sur, California, akiwa na miaka 93.

Sisi hatuhitaji alama usoni. Twahitaji kupima damu na kuambiana ukweli kabla ya ndoa, maana wazazi wawili wanaobeba selimundu, kila mtoto wao ana nafasi moja katika nne ya kuugua. Na kwa yule aliyekwisha kuzaliwa nao, tumpeleke hospitali mapema, tusimwulize mama yake amefanya kosa gani. Hakufanya kosa.