Mwalimu Nyerere na viwanda vya korosho vya Newala na Masasi

KILA ifikapo Oktoba 14, Watanzania humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki dunia mwaka 1999 jijini London. Siku hiyo huwakuta wakulima wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na wenzao wa Masasi iliyo chini ya uwanda huo upande wa magharibi, wakiwa chini ya mikorosho, kwani ndio msimu wa kuokota. Si viongozi wengi ambao maamuzi yao yaliigusa korosho kama ya Mwalimu, kwa heri na kwa shari.

Mwalimu alizaliwa Aprili 13, 1922 Butiama, karibu na Ziwa Victoria, akiwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Tabora, kisha Makerere nchini Uganda, na mwaka 1952 akahitimu shahada katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi. Aliporejea alifundisha Pugu, hadi siasa zilipomtoa darasani. Julai 7, 1954 aliongoza kuundwa kwa TANU, na Desemba 9, 1961 Tanganyika ikapata uhuru.

Nchi aliyoipokea iliuza mali ghafi na kununua bidhaa zilizokwisha kutengenezwa. Korosho za kusini zilikuwa mfano ulio wazi kuliko yote. Zilipakiwa melini zikiwa na maganda yake, zikapelekwa India, zikabanguliwa kwa mikono ya wanawake wa Kerala, kisha zikauzwa Marekani na Ulaya kwa bei kubwa. Ujira wa kubangua ulibaki ng'ambo, na mkulima wa Newala akaambulia bei ya korosho ghafi.

Azimio la Arusha la Februari 5, 1967 lilikusudia kubadili hali hiyo. Serikali ilishika njia kuu za uchumi, ikajenga viwanda na kuvilinda dhidi ya ushindani wa nje. Aliyetaka kuagiza bidhaa kutoka nje alihitaji kibali, na nguo za Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, zilipata soko lisilo na mshindani mkubwa. Kwa upande wa korosho, serikali ilikopa fedha Benki ya Dunia katika miaka ya 1970. Vikajengwa viwanda vikubwa vya mashine hadi nchi ikawa na 12, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Newala ilipata viwili, Masasi kimoja.

Lakini wakati kuta za viwanda zikipanda, mazao yalikuwa yakishuka. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Operesheni ya vijiji, iliyoendeshwa na serikali ya Mwalimu mwenyewe, iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, na mashamba yakageuka mapori. Bei aliyolipwa mkulima haikumpa moyo wa kuyarudia. Ugonjwa wa ubwiriunga ukamalizia kazi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, hatua ambayo Mwalimu alikuja kukiri hadharani kuwa ilikuwa kosa.

Hivyo mashine zilikaa bila korosho za kubangua. Hata zilipozipata, zilivunja punje nyingi, ilhali soko la dunia hulipa vizuri punje nzima, ile iliyotolewa kwa uangalifu na mikono ya Kerala. Vipuri vilihitaji fedha za kigeni, nazo zilikwisha baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta. Kimoja baada ya kingine, viwanda vilifungwa.

Mwalimu aligombana kwa miaka kadhaa na Shirika la Fedha la Kimataifa, lililotaka shilingi ishushwe thamani na vizuizi vya biashara viondolewe. Hata hivyo, mwaka 1984, akiwa bado Ikulu, serikali yake iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Maduka yalijaa tena, na wananchi walifurahi. Viwanda vya nguo vya Dar es Salaam, Mwanza na Musoma, vilivyokwisha kudhoofika, vilijikuta vikishindana na vitambaa vya nje na mitumba.

Aling'atuka urais Novemba 1985. Toka Butiama aliendelea kusema, akaongoza Tume ya Kusini, na katika miaka ya 1990 alipinga namna mali za umma zilivyokuwa zikiuzwa. Viwanda vya korosho navyo viliuzwa katika utawala wa Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi, na baadhi viligeuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli ya India. Mkapa naye, akiwa mstaafu, mwaka 2016 alipinga mkataba wa ubia wa kiuchumi na Ulaya, akihofia kuwa bidhaa za huko zingeviua viwanda vichanga vya Afrika Mashariki.

Ni rahisi kumlaumu Mwalimu kwa majengo yale, na ni rahisi pia kumtetea. Ukweli una pande mbili. Swali lake lilikuwa sahihi: kwa nini anayelima korosho asiwe ndiye anayeibangua? Jibu lake lilipungua mahali pamoja. Serikali yake ilichukua mkopo, ikaleta mashine na kufunga mlango wa mipaka, lakini haikumlinda mtu ambaye kiwanda kilimtegemea, yaani mkulima mwenye mkorosho wake.

Serikali yoyote inayotaka kuvinyanyua viwanda vilivyoangushwa na ushindani wa nje ingefaa ianze safari yake Newala na Masasi. Huko itajifunza kwamba msaada kwa kiwanda huanzia shambani, katika bei ya haki na dawa ya ubwiriunga inayofika kwa wakati, kabla ya jiwe la msingi.