Profesa Smith na samaki aliyesakwa kwa miaka 14

PROFESA James Leonard Brierley Smith hakusomea samaki. Alizaliwa Graaff-Reinet, Afrika Kusini, mwaka 1897, akasoma kemia hadi shahada ya uzamivu Cambridge, na kemia ndiyo aliyofundisha chuoni Grahamstown. Samaki alijifunza mwenyewe, lakini watu wa pwani walijua kuwa kiumbe asiyetambulika hupelekwa kwake.

Desemba 22, 1938, meli ya uvuvi iliingia East London na samaki wa buluu mwenye urefu wa mita moja na nusu, magamba magumu na mapezi kama miguu. Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji huo alimchora, akamwandikia Smith. Barua ilifika Januari 3. Kwa joto lile samaki alishaoza, viungo vya ndani vikatupwa, ikabaki ngozi iliyojazwa. Februari Smith aliiona na kuthibitisha: ni silikanti, jamii iliyoaminika kutoweka zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita.

Ngozi haikumtosha. Alichapisha tangazo lenye picha kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akaahidi pauni 100, mtaji mzima kwa mvuvi wa wakati ule. Miaka ikapita bila jibu.

Mwaka 1952, Smith na mkewe Margaret walikuwa Zanzibar. Huko walimpata Eric Hunt, nahodha Mwingereza aliyefanya biashara kati ya Zanzibar na Komoro kwa chombo chake, Nduwaro. Hunt alibeba matangazo pamoja na shehena yake.

Desemba hiyo hiyo, mvuvi Ahamadi Abdallah wa Anjouan alivua samaki ambaye wenyeji walimwita gombessa. Hawakumshangaa, walimjua siku zote, ila nyama yake haikuwa na bei. Sokoni, mwalimu aliyekuwa ameliona tangazo ndiye aliyemtambua. Samaki akabebwa kuvuka milima, kilometa zipatazo 40, hadi Mutsamudu alikokuwa Hunt, ambaye alimtia chumvi, kisha dawa ya formalini, na kupeleka simu ya maandishi.

Simu ilimkuta Smith Durban, mkesha wa Krismasi. Akihofia samaki kuoza tena, alimpigia Waziri Mkuu D.F. Malan, akapewa ndege ya jeshi. Desemba 29 alipiga magoti mbele ya samaki huyo kule Komoro, akalia.

Kwa shukrani alimwita Malania, kwa heshima ya kiongozi wa serikali ya ubaguzi wa rangi. Baadaye ilidhihirika ni aina ile ile ya mwaka 1938, jina hilo likaachwa. Wafaransa, waliotawala Komoro, nao wakawafungia wageni utafiti huo.

Mvuvi alilipwa pauni zake 100. Hunt alipotea baharini mwaka 1956. Smith alifariki Januari 1968 bila kumwona silikanti akiogelea. Mwaka 2000 wapiga mbizi wa Sodwana, Afrika Kusini, walimkuta hai kwenye kina cha zaidi ya mita 100, na kuanzia 2003 nyavu za wavuvi wa Tanzania, hasa Tanga, zikaanza kumleta juu.