Jacob Bjerknes

Jacob Aall Bonnevie Bjerknes (Stockholm, Uswidi, 2 Novemba 1897 – Los Angeles, Marekani, 7 Julai 1975) alikuwa mwanasayansi wa metorolojia kutoka Norwei ambaye baadaye alipata uraia wa Marekani.

Anajulikana hasa kwa kueleza jinsi dhoruba za latitudo za kati zinavyozaliwa, zinavyokua na zinavyokufa. Katika sehemu ya pili ya maisha yake alichunguza kwa nini dhoruba za majira ya baridi hazifuati njia ileile kila mwaka, na jinsi bahari inavyochangia mabadiliko hayo. Ndiye pia aliyeonyesha kwamba El Niño si jambo la pwani ya Peru tu, bali ni sehemu ya badiliko kubwa la hewa na maji katika Pasifiki yote.

Familia na utoto

Jacob alizaliwa katika familia ya wataalamu. Babu yake, Carl Anton Bjerknes, alikuwa mwanahisabati. Baba yake, Vilhelm Bjerknes, alikuwa mwanafizikia aliyeamini kwamba hali ya hewa inaweza kutabiriwa kwa kanuni za fizikia, si kwa kukisia. Mama yake aliitwa Honoria Bonnevie. Dada wa mama huyo, Kristine Bonnevie, alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa profesa nchini Norwei.

Wakati Jacob anazaliwa, baba yake alikuwa akifundisha Stockholm. Mwaka 1907 familia ilirudi Norwei, na mwaka 1913 Vilhelm aliitwa kuongoza taasisi mpya ya jiofizikia mjini Leipzig, Ujerumani. Vita Kuu ya Kwanza iliwachukua wanafunzi wengi wa taasisi hiyo. Mmoja wao, Herbert Petzold, aliuawa Verdun mwaka 1916 akiwa bado anachunguza mistari ambapo pepo za pande mbalimbali hukutana. Jacob, aliyekuwa kijana wa miaka 18 tu, alirithi kazi hiyo ya marehemu. Makala yake ya kwanza kuhusu mistari hiyo ilitoka mwaka 1917.

Kazi mjini Bergen

Mwaka 1917 Vilhelm na Jacob walihamia Bergen, mji wa bandari kwenye pwani ya magharibi ya Norwei. Pwani hiyo hupigwa na dhoruba nyingi zinazotoka Atlantiki, na maisha ya wavuvi wake hutegemea kujua mapema kama bahari itachafuka.

Kwa sababu ya vita, habari za hali ya hewa kutoka Uingereza na kutoka melini zilikuwa zimesimamishwa. Wakati huohuo Norwei ilikuwa na upungufu wa nafaka kutoka nje, na wakulima walihitaji kujua siku za mvua ili waokoe mavuno. Vilhelm aliishawishi serikali ifungue vituo vingi vya kupima hali ya hewa kando ya pwani na mashambani. Utabiri ulianza katika kiangazi cha 1918, Jacob akishughulikia magharibi ya nchi.

Wingi wa vituo ulileta faida ambayo haikutarajiwa. Kwenye ramani zilizochorwa kila siku, Jacob aliona kwamba ndani ya kila dhoruba kuna mistari miwili iliyo wazi. Kwenye mstari wa kwanza hewa yenye joto hupanda juu ya hewa baridi iliyo mbele yake na kuleta mvua ya muda mrefu. Kwenye mstari wa pili hewa baridi hupenya chini ya hewa yenye joto na kuisukuma juu kwa ghafla. Aliandika hayo katika makala ya kurasa 8 tu iliyotolewa mwaka 1919, alipokuwa na umri wa miaka 21. Mistari hiyo ilikuja kuitwa fronti ya joto na fronti ya baridi, jina lililotokana na mistari ya mbele ya majeshi katika vita iliyokuwa imemalizika punde.

Pamoja na Halvor Solberg wa Norwei na Tor Bergeron wa Uswidi aliendeleza nadharia hiyo. Makala ya Bjerknes na Solberg ya mwaka 1922 ilieleza kwamba dhoruba huanza kama wimbi dogo kwenye fronti ya ncha, yaani mpaka kati ya hewa baridi ya kaskazini na hewa ya joto ya kusini. Wimbi hukua kwa nguvu inayotokana na hewa baridi kushuka na hewa ya joto kupanda. Hatimaye fronti ya baridi huifikia ile ya joto, dhoruba hukosa chakula chake na kufa. Mara nyingi dhoruba hufuatana kama ndugu wa familia moja, kila moja ikizaliwa nyuma ya iliyotangulia.

Jacob aliongoza ofisi ya utabiri ya Bergen kuanzia 1920 hadi 1931. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1924, kisha mwaka 1931 akawa profesa hukohuko Bergen. Mwaka 1928 alimwoa Hedvig Borthen, nao walijaliwa watoto wawili.

Vita na kuhamia Marekani

Mwaka 1939 Bjerknes alikwenda Marekani pamoja na familia yake kwa ziara ya mihadhara, akitarajia kurudi baada ya miezi michache. Tarehe 9 Aprili 1940 Ujerumani iliivamia Norwei, na njia ya kurudi ikafungwa. Baba yake alibaki Norwei. Alifariki huko mwaka 1951.

Bjerknes alipewa kazi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Akishirikiana na Mnorwei mwenzake Jørgen Holmboe, aliwafundisha maafisa wa jeshi la Marekani utabiri wa hali ya hewa. Elimu ya Bergen ilitumika pia upande wa pili wa Atlantiki: Sverre Petterssen, aliyemfuata Bjerknes katika ofisi ya Bergen, alikuwa mmoja wa watabiri waliowashauri majenerali kabla ya majeshi kutua Normandy mnamo Juni 1944. Bjerknes alipata uraia wa Marekani mwaka 1946.

Njia za dhoruba katika Atlantiki

Katika majira ya baridi dhoruba nyingi za Atlantiki ya Kaskazini huzaliwa karibu na pwani ya Amerika Kaskazini, mahali hewa baridi ya bara inapokutana na maji yenye joto ya Mkondo wa Ghuba. Kutoka hapo husafiri kuelekea mashariki. Katika miaka mingine hupita karibu na Iceland na kufika Norwei na Uskoti, zikileta mvua na baridi isiyo kali. Katika miaka mingine njia yao hushuka kusini kuelekea Hispania na Mediteranea, na Ulaya ya Kaskazini hubaki na baridi kali na kavu. Mwingereza Gilbert Walker alikuwa ameshaonyesha katika miaka ya 1920 kwamba kanieneo ya hewa ya Iceland na ile ya visiwa vya Azori hupanda na kushuka kwa kupishana.

Bjerknes aliuliza kama bahari ina sehemu katika jambo hilo. Alitumia vipimo vya joto la maji vilivyokusanywa na meli tangu karne ya 19. Katika kazi yake ya mwaka 1964 alitenganisha mambo mawili. Kwa muda wa mwaka mmoja au michache, hewa hutangulia na bahari hufuata: pepo za magharibi zikizidi, bahari ya kaskazini hupoteza joto zaidi na kupoa. Lakini kwa makumi ya miaka, pepo hubadilisha mikondo yenyewe, na mikondo huhamisha joto hadi mahali pengine. Hapo bahari nayo huanza kuathiri hewa.

Alitoa pia wazo kwamba jumla ya joto linalopelekwa kuelekea ncha haibadiliki sana. Bahari ikibeba zaidi, hewa hubeba kidogo, na kinyume chake. Kwa kuwa katika latitudo za kati dhoruba ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya joto la hewa, badiliko la mikondo linaweza kubadilisha nguvu za dhoruba. Wazo hilo huitwa fidia ya Bjerknes, na wanasayansi huendelea kulipima kwa kutumia kompyuta.

El Niño na Pasifiki

Miaka ya 1957 na 1958 maji ya Pasifiki karibu na ikweta yalipata joto lisilo la kawaida. Wakati huohuo ulifanyika Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, hivyo vipimo vilikuwa vingi kuliko awali. Bjerknes aliona kwamba joto hilo lilienea mbali na Peru, na kwamba pepo za mashariki za ikweta zilikuwa zimelegea.

Alieleza kwamba kwa kawaida pepo hizo husukuma maji ya joto kuelekea Indonesia, na maji baridi hupanda upande wa Amerika Kusini. Pepo zikilegea, maji ya joto hurudi mashariki, tofauti ya joto hupungua, na pepo hulegea zaidi. Mzunguko wa hewa unaohusika aliuita Mzunguko wa Walker katika makala yake ya mwaka 1969.

Alionyesha pia kwamba mvua nyingi juu ya maji hayo ya joto huongeza nguvu ya pepo za magharibi za Pasifiki ya Kaskazini. Eneo la kanieneo ndogo karibu na visiwa vya Aleuti huimarika, na njia za dhoruba za majira ya baridi huhama. Kwa hiyo joto la bahari ya ikweta linaweza kuonekana kama dhoruba kwenye pwani ya Amerika Kaskazini, maelfu ya kilomita kutoka hapo.

Tuzo na urithi

Bjerknes alitunukiwa Medali ya William Bowie mwaka 1945, tuzo ya Shirika la Kimataifa la Metorolojia mwaka 1959, na Medali ya Taifa ya Sayansi ya Marekani mwaka 1966. Alistaafu ualimu mwaka 1965, lakini makala yake kuhusu Mzunguko wa Walker aliiandika baada ya hapo.

Hadi leo fronti zake huchorwa kwenye ramani za hali ya hewa, ya joto kwa rangi nyekundu na ya baridi kwa buluu. Maelezo yake kuhusu Pasifiki ni msingi wa utabiri wa El Niño unaotolewa miezi kadhaa kabla, pamoja na ule unaozingatiwa Afrika ya Mashariki, ambako wengi walilijua jina hilo kutokana na mvua kubwa na mafuriko ya mwaka 1997 na 1998.